Kupanga palsi kwenye kipimo cha nusu-vipitishi: upana, kipindi na dirisha la kusomea

Transista ya nguvu inayopitisha ampia 10 huku ikiwa na volti 10 kati ya dreni na sosi (miguu miwili ambayo mkondo mkuu hupitia) inameza wati 100. Ukiiacha hivyo sekunde chache bila kipoza joto, imekufa. Ndiyo maana tunapima kwa palsi: tunawasha, tunasoma upesi, tunazima, tunasubiri ipoe. Tatizo ni kwamba ukurasa wa palsi kwenye analaiza (mashine ya kupimia vifaa hivi) una visanduku vingi, na vyote huja vikiwa na namba za kiwandani. Mtu anaziacha zilivyo, anabonyeza kuanza, mkunjo unachorwa vizuri kabisa, laini, bila kasoro ya kuonekana. Na bado unaweza kuwa mkunjo wa kifaa kilichopata moto nyuzi 60 zaidi ya alivyodhani.

Namba za palsi hutoka kwenye kifaa kinachopimwa. Mashine inaweka mipaka tu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye karatasi na kalamu, unapita kwenye skrini, na unaishia kwenye majaribio ya kuthibitisha, ambayo kwangu ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote. Mfano wa kutembea nao ni MOSFET ya nguvu ya aina ya n (transista inayofunguliwa kwa volteji ya mguu wake wa tatu, geti), kifurushi cha TO-220, na lengo ni kuchora mkondo wa dreni dhidi ya volteji ya dreni hadi ampia 10 na volti 10.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya joto

Fungua karatasi ya data ya kifaa chako utafute mchoro wa ukinzani wa joto wa muda mfupi, ule wenye alama ya Zth. Mhimili wa chini ni upana wa palsi, mhimili wa wima ni nyuzi za Selsiasi kwa kila wati. Tuseme kwenye mikrosekunde 300 mchoro unasoma 0.1. Wati 100 mara 0.1 ni nyuzi 10: hicho ndicho kiasi ambacho kiini cha silikoni kitapanda hadi mwisho wa palsi moja. Je, nyuzi 10 zinakubalika? Kwa kuangalia tu kama kifaa ni kizima, ndiyo. Kwa kutengeneza modeli ya kompyuta ya transista, hapana.

Katika eneo la muda mfupi, joto hupanda takribani kwa kipeuo cha pili cha muda, yaani mzizi wake. Ukitaka kupunguza joto nusu, haitoshi kupunguza upana nusu. Lazima uupunguze hadi robo. Kutoka mikrosekunde 300 kwenda 75 unashuka kutoka nyuzi 10 hadi 5. Hili linafaa kujulikana mapema, kwa sababu watu hupunguza upana kidogo kidogo wakishangaa kwa nini mkunjo hausogei.

Karatasi nyingi za data huandika masharti ya mikrosekunde 300 na uwiano wa kazi wa asilimia 2, yaani palsi iwe juu kwa asilimia 2 ya muda wote. Ni mahali pazuri pa kuanzia na pabaya pa kuishia. Tazama: asilimia 2 ya wati 100 ni wati 2 za wastani. TO-220 isiyofungwa kwenye kipoza joto ina ukinzani wa joto wa karibu nyuzi 62 kwa wati kutoka kiini hadi hewani. Zidisha, unapata nyuzi 124 juu ya joto la chumba. Mfagio mmoja mfupi wa nukta hamsini, yaani kupandisha volteji hatua kwa hatua ukisoma kila hatua, haufiki huko, maana kifurushi kizima huchukua muda mrefu kujaa joto. Lakini ukichora familia ya mikunjo kumi, kila nukta ukiichukulia wastani wa palsi kadhaa, unasogea huko bila kelele yoyote kutoka kwa mashine.

Basi upana na kipindi (muda kutoka mwanzo wa palsi moja hadi mwanzo wa inayofuata) vina kazi mbili tofauti. Upana hulinda joto ndani ya palsi moja. Kipindi hulinda joto linalojikusanya palsi baada ya palsi. Kukirekebisha kimoja hakuponyi kingine.

Hatua ya 2: Chagua upana na kipindi

Anza na upana mfupi kabisa ambao mfumo wako unaweza kutulia ndani yake, si ule mfupi kabisa unaoandikwa kwenye brosha. Hapa uwezo wa mashine ndio unaongea. Kwenye Keysight B1500A, SMU (moduli inayolisha umeme na kuupima kwa pamoja) ya kawaida ya nguvu ya kati haishuki chini ya mikrosekunde 500, ilhali moduli ya MCSMU hufika mikrosekunde 10 kwa mkondo wa hadi ampia 1. Kwa ampia 10 za mfano wetu unahitaji chombo cha tabaka la Keithley 2651A, kinachotoa palsi hadi ampia 50. Ukikuta hesabu yako ya joto inadai upana ambao SMU yako haina, hakuna mpangilio wa skrini utakaokuokoa. Badili chombo, au punguza nguvu unayopima.

Vifaa vidogo vina ukatili wao. Transista zilizojengwa juu ya tabaka la kuhami, zile za SOI, hupata moto ndani ya muda mfupi mno, na ukitaka kuzipima kabla ya joto unahitaji palsi za chini ya nanosekunde 100. Hizo ni kazi ya moduli za palsi za kasi, si SMU.

Kwa mfano wetu tuchukue upana wa mikrosekunde 300. Kipindi? Ili wastani uwe wati 0.1 tu, uwiano uwe asilimia 0.1, yaani kipindi cha milisekunde 300. Joto la kujikusanya linabaki nyuzi 6 hata ukipima mchana kutwa. Mfagio wa nukta 50 unachukua sekunde 15. Huo si muda wa kumfanya mtu akate tamaa.

Usiandike 300 kamili, hata hivyo. Andika 305. Sababu iko kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Weka msingi, kilele na mpangilio wa ncha

Msingi ni kiwango ambacho ncha, yaani mguu wa kifaa kama geti au dreni, inakaa palsi isipokuwepo. Kanuni ni moja: kwenye msingi kifaa kiwe kimezimwa. Kwa MOSFET yetu, volti 0 kwenye geti inatosha. Kwa transista ya galiamu naitraidi ya aina inayowaka yenyewe, volti 0 kwenye geti ni kifaa kilicho wazi kabisa, na kati ya palsi na palsi kitakuwa kinapitisha mkondo wote ambao dreni inauruhusu. Hapo msingi lazima uwe hasi, chini ya kizingiti (volteji ya geti ambayo kifaa huanza kufunguka), na geti litangulie kuwekewa volteji yake kabla dreni haijapata kitu. Wakati wa kuzima, fuata mpangilio wa kinyume.

Ncha ipi ipigwe palsi? Ukipiga geti peke yake na kuiacha dreni na volteji ya kudumu, ni rahisi kupanga, lakini SMU ya dreni inashtukizwa na ampia 10 ghafla na volteji yake huzama kabla ya kujirudisha. Ukipiga dreni peke yake, geti linabaki na volteji muda wote wa kipindi, na hilo huvisumbua vifaa vyenye mitego ya chaji, yaani kasoro zinazonasa elektroni. Mimi napendelea kupiga zote mbili: geti lipande kwanza kidogo, dreni ifuate, usomaji ufanyike wakati zote zimetulia, kisha dreni ishuke kabla ya geti.

Kuhusu mitego ya chaji: kwenye galiamu naitraidi na silikoni kabaidi, msingi si mahali pa kupumzikia tu, ni sehemu ya kipimo. Elektroni zinazonaswa wakati wa msingi hazitoki ndani ya mikrosekunde 300, kwa hiyo mkondo unaousoma kwenye kilele unabeba historia ya msingi. Kizingiti cha MOSFET ya silikoni kabaidi husogea kulingana na volteji iliyokuwepo getini kabla ya kupimwa; JEDEC, shirika la viwango vya nusu-vipitishi, imetoa mwongozo wake, JEP183, kuhusu jambo hilo hilo, na moja ya mambo unayoyashughulikia ni palsi ya kuandaa geti kabla ya kusoma. Ukiona namba mbili za kizingiti kutoka maabara mbili zinapishana, uliza misingi yao kwanza.

Hatua ya 4: Renji na ukomo

Renji ni kiwango cha juu ambacho mashine imejipanga kupima. Zima ile ya kujichagulia. Wakati wa palsi mashine haina nafasi ya kupandisha na kushusha renji. Nyingine hukataa kabisa, nyingine hukubali na kukupa takataka. Weka renji isiyobadilika inayobeba kilele cha juu cha mfagio mzima.

Gharama yake ni usahihi wa upande wa chini. Kwenye renji ya ampia 10, usomaji wa milliampia 2 ni uvumi. Njia nzuri ni kugawa kazi: sehemu ambayo nguvu ni ndogo, tuseme chini ya milliwati 10, pima kwa mkondo wa kudumu na renji ndogo, kwa kuwa hakuna joto la kuogopa. Sehemu ya juu ipime kwa palsi. Ziunganishe zikipishana kwa nukta kadhaa. Zisipokutana, umepata dalili ya bure kwamba kitu hakiko sawa. Na usijaribu kupiga palsi fupi kwenye renji za nanoampia. Renji hizo huchukua milisekunde na zaidi kutulia.

Ukomo wa mkondo kwenye dreni uweke juu kidogo ya unachotarajia. Asilimia 20 ya ziada inatosha kukilinda kifaa bila kuibana palsi. Ukomo wa geti ndio unaosahaulika. Geti ni kapasita. Kulichaji geti la nanofaradi 1 kwa volti 10 ndani ya mikrosekunde 10 kunahitaji milliampia 1. Ukiwa umeweka ukomo wa mikroampia 100, ukidhani unalilinda geti, litachukua mikrosekunde 100 kufika, na theluthi ya palsi yako imekwisha kabla transista haijafunguka.

Kama geti linapigwa na jenereta ya palsi yenye ukinzani wa kutoa wa omu 50, angalia kisanduku cha ukinzani wa mzigo. Jenereta iliyoambiwa kwamba mzigo ni omu 50 hutoa mara mbili ya ulichoandika inapokutana na geti, ambalo ni karibu sawa na waya uliokatwa. Umeandika volti 10, geti limepata 20, na geti za MOSFET nyingi za nguvu mpaka wake ni volti 20.

Hatua ya 5: Dirisha la kusomea

Hapa ndipo vipimo vingi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Palsi si mraba. Ina mteremko wa kupanda, mtetemo kidogo, uwanda wa juu ulio tambarare, kisha mteremko wa kushuka. Unachotaka ni kusoma kwenye uwanda, na mwishoni mwake kadiri inavyowezekana, lakini umalize kabla ya kushuka. Namba mbili huamua: ucheleweshaji, yaani muda kutoka mwanzo wa palsi hadi usomaji unapoanza, na muda wa kukusanya, yaani usomaji unadumu kiasi gani.

Kwanza jua mashine yako inahesabu upana kutoka wapi. Nyingine huhesabu kutoka katikati ya mteremko wa kupanda hadi katikati ya mteremko wa kushuka. Nyingine kutoka mwanzo wa kupanda hadi mwanzo wa kushuka. Miteremko miwili ikiwa sawa, hesabu zote mbili hukufikisha mahali pamoja; isipokuwa sawa, zinaachana. Kwa upana wa mikrosekunde 300, mteremko wa kupanda wa 100 na wa kushuka wa 50, mahali uwanda unapoishia, ukihesabu kutoka mwanzo wa kupanda, panatofautiana: 325 kwa ya kwanza, 300 kwa ya pili. Mikrosekunde 25 zinatosha kukuweka juu ya mteremko.

Muda wa kukusanya mara nyingi huandikwa kwa mizunguko ya umeme wa gridi, kwa alama ya NPLC. Kwenye gridi ya hezi 50, mzunguko 1 ni milisekunde 20, zaidi ya mara 60 ya palsi yetu. Mzunguko 0.01 ni mikrosekunde 200, mzunguko 0.001 ni mikrosekunde 20. Kwenye hezi 60 mzunguko 1 ni milisekunde 16.7, kwa hiyo hakikisha mashine imewekewa gridi sahihi, la sivyo namba zote hizi zinasogea. Kwa mfano wetu, chukua muda wa kukusanya wa mikrosekunde 40 na ucheleweshaji wa 230. Usomaji unaanza 230, unaisha 270, na unabakiwa na mikrosekunde 30 za akiba hata kwenye hesabu ya pili.

Kukusanya kwa muda mfupi hivyo kuna bei: mvumo wa gridi, yaani kelele inayotoka kwenye umeme wa ukutani, hauchujwi tena. Dawa ni wastani wa palsi kadhaa. Kelele ya nasibu hupungua kwa mzizi wa idadi, hivyo palsi 16 huipunguza mara 4. Lakini mvumo wa gridi si nasibu. Kipindi kikiwa milisekunde 300, hiyo ni mizunguko 15 kamili ya hezi 50. Kila palsi inaangukia sehemu ile ile ya wimbi, na wastani wa palsi elfu utakupa kosa lile lile. Kipindi cha milisekunde 305 ni mizunguko 15 na robo. Palsi ya kwanza ikiangukia kileleni, ya pili inaangukia kwenye sifuri, ya tatu bondeni, ya nne sifuri tena, na wastani wa nne unafuta mvumo wenyewe. Kwenye hezi 60 robo ya mzunguko ni milisekunde 4.17, kwa hiyo 304.17. Palsi nne, au idadi yoyote inayogawanyika kwa nne. Sijaona badiliko jingine la namba moja linalosafisha mkunjo kiasi hicho bila gharama.

Hatua ya 6: Waya

Waya mrefu wa kawaida una indaktansi ya takribani mikrohenri 1 kwa mita. Ampia 10 zikipanda ndani ya mikrosekunde 10 kupitia mita hiyo moja zinaangusha volti 1 njiani. Zikipanda ndani ya mikrosekunde 1, volti 10. Kwa hiyo fupisha kebo, kwenda na kurudi ziende zimegusana au ziwe za koaksia, na usidai mteremko wa kupanda ulio mkali kuliko unavyohitaji. Tumia waya nne kwa ncha zenye mkondo mkubwa, mbili za kulisha na mbili za kuhisi, na zile za kuhisi zifike kwenye mguu wa kifaa chenyewe, si kwenye soketi ya nyuma. MOSFET za nguvu pia hupenda kuimba, yaani kutetema zenyewe, zikipewa kebo ndefu: weka ushanga wa feraiti au rezista ndogo karibu kabisa na geti.

Volteji ikizidi takribani 40, SMU nyingi hazitoi mpaka kufuli la usalama la kifuniko liwe limefungwa. Usilipite kwa kipande cha waya.

Hatua ya 7: Anza na rezista

Toa transista, weka rezista ya omu 1 isiyo na indaktansi, ya filamu, si ya waya uliozungushwa. Pima kwa mkondo wa kudumu kwenye ampia 0.5, kisha kwa palsi kwenye ampia 0.5 kwa mipangilio yote ile ile. Majibu yakipishana kuliko usahihi unaotajwa wa mashine, kosa liko kwenye dirisha, renji au waya, na umelijua kabla ya kuhatarisha kifaa. Chomeka na osiloskopu kwenye miguu ya rezista uone umbo la palsi kwa macho. Dakika tano hizi zina thamani kuliko kusoma mwongozo wa mashine mara mbili.

Hatua ya 8: Itikise

Rudisha transista, chora mkunjo, kisha uanze kuushambulia.

Sogeza dirisha: ucheleweshaji wa 100, 150, 200, 230. Mkondo ukipanda mwanzoni kisha ukatulia, palsi ilikuwa bado haijatulia. Ukishuka polepole bila kusimama, ni joto. Angalizo: hiyo ni kwa volteji kubwa za geti. MOSFET ina nukta ambayo joto halibadilishi mkondo. Chini yake joto huongeza mkondo, kwa hiyo karibu na kizingiti mkondo unaopanda ndio unaweza kuwa joto. Ukipata mteremko ulionyooka dhidi ya mzizi wa muda, una bahati: urefushe nyuma hadi sifuri na utapata mkondo wa kifaa baridi, ambao hakuna palsi uliyonayo ingeweza kuupima.

Ongeza kipindi mara mbili, ukibakiza ile robo ya mzunguko: 605, si 610. Mkunjo ukisogea, joto lilikuwa linajikusanya.

Fagia kwenda juu, kisha kushuka. Mistari miwili isipolaliana, ama ni joto la kujikusanya ama ni mitego. Kuzitenganisha ni rahisi: badili volteji ya msingi huku kifaa kikiwa bado kimezimwa. Joto halijali msingi wa kifaa kilichozimwa. Mitego inajali sana.

Hakuna kinachosogea? Sasa punguza upande wa tahadhari ukitaka kasi: fupisha kipindi hatua kwa hatua hadi mkunjo uanze kusogea, kisha rudi hatua moja.

Hatua ya 9: Hifadhi masharti pamoja na data

Faili lenye volteji na mkondo pekee halirudiwi na mtu yeyote. Ndani ya faili hilo hilo ziandikwe: upana na unavyohesabiwa, kipindi, miteremko, msingi na kilele vya kila ncha, ncha ipi ilitangulia, ucheleweshaji, muda wa kukusanya, idadi ya palsi za wastani, renji, ukomo, mwelekeo wa mfagio, na joto la meza au la kifurushi wakati wa kuanza. Programu nyingi za analaiza huhifadhi sehemu ya haya zenyewe. Urefu wa kebo na jinsi rezista ya geti ilivyowekwa hazihifadhi; hivyo viandike kwa mkono.